Mkalimani wa Kampuni Yangu

Asubuhi aliyokuja mkaguzi nilifagia uwanja mara tatu. Kampuni kubwa ya umeme ilikuwa imetenga kazi ya kufyeka vichaka chini ya nyaya zake, kutoka Nchelenge hadi Mwansabombwe, ipewe kampuni za wanawake wa hapa. Yangu niliisajili mwenyewe. Wanawake saba wenye mapanga walikuwa wananitegemea, maana ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane na hakuna aliyekuwa na cha kuuza. Mkaguzi alikuja kuhakikisha jambo moja tu: kwamba mwenye kampuni ni mimi, si mwanamume aliyejificha nyuma ya jina langu.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye mabuti ya kazi na maneno machache. Nilimpa kiti. Cha pili nilimpa mume wangu, kama inavyofaa mgeni akifika, nami nikapiga magoti kwenye mkeka. Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia kaburi.

Aliuliza kwa Kibemba, lugha ya hapa kwetu, tuko wangapi. Mume wangu ni mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kibemba anakijua vizuri sana, ila mambo mazito huyasema kwa Kiswahili.

“Banamuke munane,” alijibu. “Na mama huyu njo mukubwa yabo.”

Nikatafsiri: wanawake wanane pamoja nami, na mkubwa wao ni mimi. Mkaguzi akauliza habari za mapanga, za mabuti, na nani anayejua kukata mti ulioegemea waya. Mume wangu akajibu kwa moyo safi, majibu yale yale niliyokuwa nikiyakariri mbele yake wiki nzima, na mimi nikatafsiri kila neno, macho chini, kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Mjinga mimi, nilidhani tunafanya vizuri.

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

“Mama,” akaniambia, “wewe ni mkalimani wa huyu bwana?”

Nikawaona akilini wale saba wakirudi makwao na mapanga yao. Niliogopa, na kwa kuogopa nikakasirika, sijui kama nilimkasirikia mkaguzi au nafsi yangu. Mume wangu akafungua mdomo ili anitetee.

“Baba ya batoto, nyamaza kwanza,” nikasema. “Kampuni iko ya miye. Miye njo nitajibu.”

Nilimwambia hivyo bado nimepiga magoti. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumnyamazisha mbele ya mtu. Kisha nikamweleza mkaguzi kila kitu kwa Kibemba, hadi akafunga daftari. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake.

Kazi tuliipata. Mume wangu alifurahi kweli, hata mabuti yangu aliyanunua yeye. Ila tangu siku ile, mgeni akifika kwetu, mume wangu humsalimu tu, kisha hunigeukia mimi na kunyamaza, hata kama mgeni amekuja kwa ajili ya samaki wake.