Homa Niliyoipata kwa Binti Yangu

Nakumbuka msimu mmoja wa kahawa, Mwingereza akiwa bado anatutawala, Ruthi mke wangu aliponiwekea mikononi binti yetu wa kwanza. Mwanangu, wakati ule nilikuwa kijana wa kubeba gunia la kahawa kutoka shambani hadi barabarani bila kupumzika. Lakini kwa kitoto kile mikono ilitetemeka, moyo ukanienda mbio, jasho likanitoka na baridi yote ile ya Mlima Meru. Halafu machozi. Nikamrudisha upesi kwa mama yake.

Kesho yake ikawa vilevile. Nikajua ni malaria, nimeileta kutoka tambarare nilikokwenda kufanya kibarua. Nikateremka mjini Arusha kutafuta dawa ya kwinini, nikainywa mpaka masikio yakavuma. Nikahamia kulala kwa baba yangu, nikaacha kumgusa mtoto nisije nikamwambukiza. Ruthi sikumwambia, maana niliona si vizuri kumtisha mzazi kwa habari za ugonjwa.

Naye akaelewa vingine. Alidhani nimemkataa mtoto kwa kuwa ni wa kike. Mtori, ile supu ya ndizi anayopikiwa mzazi, ukawa unapoa mbele yake bila kuliwa. Maziwa yakapungua, na mtoto akawa analia mchana kutwa.

Baba yangu, mzee wa kanisa asiye na maneno mengi, alinifuata nikianika kahawa, akaniuliza homa yenyewe hunishika wakati gani. Nikasema, nikimpakata mtoto. Hata nikimsikia analia, inanirudia. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

“Hiyo si homa, Yeremia,” akasema. “Mama yake alimbeba tumboni, sasa mtoto anaingia mwilini mwako. Mimi nilitetemeka hivyohivyo kwako, nikasingizia baridi. Nenda kwa mkeo.”

Nikaenda, nikamweleza Ruthi yote. Akalia, akanisema kidogo, kisha akanilazia mtoto kifuani. Nikatetemeka tena. Mtoto akanyamaza, akalala, na mimi mwili ukalegea taratibu, nikawa natulia. Ruthi akavuta bakuli la mtori, akala.

Basi, mwanangu unayengoja mtoto, siku hiyo ukitetemeka usikimbie wala usione haya. Mpakate hivyohivyo. Na mweleze mama yake unavyojisikia, kwa sababu ukikaa kimya ataumia kwa jambo ambalo halipo. Mungu akupe nguvu za kumbeba, na umri wa kumwona naye akibeba wake.