Mgeni Rasmi Yuko Njiani

Majuzi nilipanda basi la kukodi la wafiwa kutoka Musoma, kwenda kwenye kaburi la pamoja la watu waliozama na meli miaka ile. Bibi mmoja wa Bukima alikuwa amefunga kwenye pindo la kanga udongo wa uani kwake. Kwao aliyezikwa ugenini hutupiwa udongo wa nyumbani, na mwanawe alikuwa bado hajatupiwa.

Tulikuta kaburi limezungushiwa utepe. Ofisa mwenye beji akanyoosha mkono.

"Subiri, mama. Mgeni rasmi ndiye anafungua."

"Anafungua kaburi?"

"Shughuli, mama. Ratiba inaanza na ngoma, halafu risala. Majonzi yanafuata."

"Basi letu linageuza saa nane, baba."

"Mgeni yuko njiani."

"Hata mwanangu alikuwaga njiani," bibi akasema.

Akainama, akapita chini ya utepe, akafungua pindo la kanga, akamwaga udongo kaburini. Ofisa akakimbilia ufagio wa kuuondoa. Aliporudi, akina mama wa Guta na Bunda tuliopanda nao basi walikuwa wameshapita, kila mmoja akimwaga wa kwake, naye akabaki ameshika ufagio wima kama askari wa gwaride.

Saa nane tukageuza, mgeni bado yuko njiani. Jioni tukikaribia Bunda, redio ya dereva ikatangaza kwamba mgeni rasmi amewaongoza wafiwa katika maombolezo. Bibi akaacha kukung'uta kanga yake, akawatazama wenzake kiti kwa kiti.

"Wafiwa gani hao?"