Mwendo wa Shikamoo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia gari linalia kwa mbali upande wa barabara ya Manyoni. Wengine wakisikia mlio wa namna ile hutoka nje kutazama. Mimi hushika kitu kilicho karibu, kiti au mpini wa jembe, mpaka gari lipite na kimya kirudi, ndipo nashusha pumzi. Mke wangu amenizoea. Huniuliza tu, "Limepita salama?" nami humjibu kuwa limepita.

Siku hiyo imenirudia tena juzi uliponipigia simu kutoka Dar. Ulisema kwa furaha, "Mjomba shikamoo! Jumamosi tunapita Singida, magari kumi na mbili, Dar mpaka Mwanza. Utoke barabarani utupungie." Kisha ukanitumia video. Nimeiangalia mara tatu. Nimeuona mkono wako kwenye usukani, na mshale wa spidi umelala upande ule ambao mshale hauna kazi ya kufika. Muziki ni mzuri, sikatai. Na chini watu wameandika kwamba wewe ndiye mwamba, wewe ndiye moto. Sikukujibu, kwa sababu yapo maneno ambayo hayafai kuambiwa mtu anayecheka. Nimeona bora nikuandikie, uyasome ukiwa umekaa, gari limezimwa.

Wala usidhani nitaanza na haraka haraka haina baraka. Hiyo uliiimba shule ya msingi na haikukusaidia kitu. Hata mimi niliiimba.

Nilipokuwa na umri wako niliishi Manyoni, nikiendesha pikapu ya baba yangu mkubwa, Mzee Ntandu. Nilibeba vitunguu na kuku kupeleka Singida mjini, nikirudi na sabuni na mafuta ya taa. Starehe ya vijana ilikuwa moja, kibanda cha video karibu na reli. Kuta zilikuwa za mabati, mabenchi ya mbao, na nje jenereta lilipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Lugha ya zile filamu hatukuijua, kwa hiyo mwenye kibanda, kijana mmoja akiitwa Shabani, alisimama pembeni ya televisheni akitutafsiria. Nasema alitafsiri, lakini Shabani naye Kiingereza hakukijua. Alikuwa anatunga.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya magari yanayoshindana kuvuka nchi nzima, kutoka bahari moja hadi nyingine, polisi wakiwa nyuma yao. Shabani aliihamishia kwetu. "Huyo anaiacha Itigi! Anaitafuta Manyoni huyo! Trafiki amebaki na vumbi lake!" Watu wazima walikuwa wanasimama juu ya mabenchi, na mimi mmoja wao.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikukiona wakati ule. Kwenye filamu zile, kuku huruka mbele ya gari na hakuna mwenye kuku. Gari huvunja meza ya matunda, muuza matunda akatikisa ngumi, basi, hatumwoni tena. Maboksi yakigongwa huwa matupu siku zote. Na staringi, yule mkuu wa filamu, hafi. Tulisema hivyo mpaka ikawa methali yetu, staringi hafi. Ni kweli, hafi. Lakini hatukujiuliza hata siku moja ni nani basi anayekufa.

Nilikuwa na rafiki, Juma, naye aliendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja. Kila mmoja wetu alijiona ndiye staringi. Shabani akatuchochea. Akasema tushindane, kutoka relini Manyoni mpaka Mandewa, pale ukingoni mwa Singida mjini, na atakayeshinda jina lake litaingia kwenye filamu mwezi mzima. Yaani staringi atakuwa anaitwa Juma, au ataitwa kwa jina langu. Unacheka? Ninyi mnashindania nini, kama si majina yenu kutajwa kwenye simu? Simu ni kibanda cha Shabani kilichotiwa mfukoni.

Tulijua sheria inakataza. Tena tulichagua mchana wa Ijumaa, kwa sababu trafiki wa pale alikuwa Mwislamu na saa ile yuko msikitini. Juma mwenyewe alitakiwa awe huko. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lami ilikuwa bado. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, ngumu, na ulikuwa mwezi wa kuvuna alizeti. Nawe unawajua watu wetu. Barabara ni ngumu kuliko uwanja wa nyumba, basi akina mama huvileta vichwa vya alizeti pale ukingoni, wakavitandaza, wakavipura kwa fimbo. Magari yalikuwa machache. Dereva akikaribia alipunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akaamkia, akaitikiwa, ndipo akapita. Ilikuwa desturi. Hata mimi siku nyingine zote niliifuata.

Juma alinitangulia toka mwanzo. Nilikula vumbi lake maili na maili, sioni mbele, nafuata mlio tu. Kabla ya kufika Ikungi kuna kijiji, na hapo barabara ilipanuka kidogo. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikatoka nje ya barabara kwa upande wa kushoto, nikakanyaga mafuta. Katika vumbi lile nikaona rundo la kitu limefunikwa kanga ya njano. Nikajisemea ni makapi. Gari likapanda, likashuka kwa kishindo. Kanga ikaruka ikanasa kwenye kioo cha pembeni. Na kitu kidogo cha bluu kikadunda juu ya boneti, kikatulia mbele ya macho yangu, kwenye wipa.

Ilikuwa ndala ya mtoto. Haizidi kiganja changu.

Mwanangu, sikusimama. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu mjomba wako unayemwita mtu mwema. Mguu ulijua breki iko wapi, nao haukwenda. Kwenye filamu hakuna anayesimama. Nilimpita Juma, nikaendelea hivyo hivyo, ndala iko mbele yangu, nikiomba upepo uiangushe ili nisiwe nimeiona. Haikuanguka.

Mandewa enzi hizo ilikuwa mashamba na nyumba za kuhesabu. Vijana walikuwa wananisubiri, wakanishusha kwenye gari wakanibeba juu. Mmoja akaiona kanga pale kwenye kioo akasema, "Mwamba amekuja na bendera yake kabisa." Wakacheka. Mimi nilikuwa juu ya mabega ya watu, ninatapika.

Juma alipofika nilimvuta pembeni nikamwonyesha ndala. Akaigeuza mkononi. Kisha akasema, "Ulikuwa vumbini. Hakuna aliyesoma namba ya gari. Nenda Nzega kwa ndugu zako, ukae mpaka yapoe." Sikumchukia kwa maneno yale, wala usimchukie. Aliogopa kwa niaba yangu. Na kwa kweli nililigeuza gari niende Nzega. Nikafika njia panda nikasimama. Nilijiambia kwamba kama mtoto yule amekufa, basi kuna mama anatafuta ndala moja ili amzike mwanawe amekamilika, na ndala hiyo ninayo mimi. Nikarudi njia ya Manyoni, mwendo wa mtu anayekwenda kunyongwa.

Gari nililiacha mbali na kijiji, nikaenda kwa miguu, ndala mkononi. Kwetu msiba husikika kabla hujaufikia. Nilitega sikio nisikie vilio. Nikasikia kitu kingine, pu, pu, pu. Nilisimama nisikilize vizuri. Ilikuwa fimbo. Mtu alikuwa anapura alizeti.

Wanawake hawapuri alizeti siku ya msiba, mwanangu.

Nilikimbia. Nikamwona mama anapura kwa hasira, na pembeni yake bibi kizee ameketi kwenye gunia, na mbele ya yule bibi mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi anachezea makapi. Mguu mmoja una ndala ya bluu. Mwingine mtupu. Nikakaa chini katikati ya barabara, nikalia kama nimefiwa, na ilhali sikuwa nimefiwa. Mungu si Athumani.

Yule mama alinitambua kwa ndala. Fimbo yake ya alizeti ilitua mgongoni mwangu mara moja, barabara. Sijapata kupigwa nikafurahi kama siku ile. Ningemwomba aongeze. Lakini aliitupa fimbo, akambeba mwanawe, na yeye akaanza kulia.

Nikamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi."

Alinitazama, akaitazama ndala. Hakuitikia. Sijui kama umewahi kumwamkia mzee akakunyima marahaba. Afadhali ile fimbo.

"Wewe ndiye uliyepita hapa mchana?" akaniuliza.

"Ni mimi, bibi."

"Tulikuwa watu wangapi hapa?"

"Sijui, bibi."

"Tulikuwa watatu. Hukumwona hata mmoja." Akanielekezea kidole kwenye lile rundo lililosambaratika. "Mtoto alikuwa amelala pale, juu ya makapi, amefunikwa kanga. Mimi nilikuwa natoka zahanati, nikafika upande ule wa pili. Mama yake akamwamsha, akamwambia, amka ukamwamkie bibi. Akavuka na ndala moja, analia usingizi. Akaniinamishia kichwa. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kichwa chake ulipopita wewe."

Nikamwomba anisamehe.

"Msamaha mwombe mama yake," akasema. "Mimi umeniletea shikamoo, na shikamoo yako imechelewa. Ikae kwanza hapo."

Basi ikakaa. Mama Neema, maana mtoto ndiye aliitwa Neema, alinionyesha alizeti yake iliyochanganyika na mchanga kwa magurudumu yangu. Nikaanza kuokota. Nilituma salamu kwa Mzee Ntandu kwamba gari liko wapi na kwa nini. Akaja mwenyewe, akachukua ufunguo bila kunigombeza, akaniacha pale na ungo. Siku mbili nzima nilipepeta, nikachambua kijiwe kwa kijiwe, upepo wa Singida ukinijaza makapi machoni. Kila asubuhi nilimwamkia bibi. Kila asubuhi alipita kimya.

Siku ya tatu gunia la mwisho lilishonwa. Nilikuwa nanawa miguu nirudi Manyoni. Gari moja likatokea, dereva akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akatuamkia wote. Bibi akamwitikia. Kisha akanigeukia, akaniwekea mkono kichwani, mtu mzima mimi, akasema, "Marahaba, mwanangu. Umeona jinsi wanavyopita?"

Nimepata mengi maishani, ng'ombe, nyumba, watoto. Sijapata kitu kilichonitua mzigo kama ile marahaba.

Shabani alilitia jina langu kwenye filamu kama alivyoahidi, nikamwomba alitoe. Nikamwomba pia, kuku wakiruka mbele ya gari, awataje wenye kuku. Alijaribu usiku mmoja tu. "Hao kuku wa Mama Neema wa Ikungi! Wa kwake hao, wa kumsomeshea mtoto!" Watu walicheka sana, halafu wakaona filamu haina raha, akaacha. Lakini Juma hakucheka. Tulipotoka aliniambia na yeye hashindani tena, na hakushindana.

Neema leo ni mama wa watoto watatu, ana duka pale pale barabarani. Nikipita huniinamishia kichwa kwa utani, nami namgusa, na kila nikimgusa nasema moyoni, huyu yupo. Watu husema ajali haina kinga. Mimi nilikuta ile yangu ina kinga, mama aliyemfundisha mwanawe adabu.

Kwa hiyo sikiliza ushauri wangu, mpwa wangu, mwanangu. Sikukatazi gari. Gari ni zuri, safari ni nzuri, na ujana una damu yake. Nakukataza mwendo ambao ndani yake watu wanageuka vumbi. Ukitaka kujua kama unakwenda kasi mno, usiangalie mshale, jiulize hivi: huyu mzee ukingoni, naweza kumwamkia na kusikia akiitikia? Kama huwezi, punguza. Na kama siku moja utakuwa umekosa, kwa maana kuteleza kupo, simama. Kama ulishapita, rudi. Nzega haikuwa na dawa yangu. Dawa ilikuwa pale pale nilipoharibu. Na wenzako waambie kwamba mjomba wako amewahi kushinda mashindano kama yao, na tuzo yake ilikuwa ndala moja ya mtoto.

Mungu akutangulie njiani na akulinde nyuma. Akupe macho ya kuona mtoto chini ya kanga. Akufikishe Mwanza, akurudishe kwa mama yako, na mikono yako isibebe kamwe kitu cha mtu asiyeweza kukipokea tena.

Jumamosi nitatoka barabarani, hapa Mandewa, kama ulivyoniomba. Sitapunga mkono. Nitakaa kwenye kiti changu ukingoni, nisubiri uniamkie. Marahaba yako ninayo tayari.