Drili ya Meza kwa Shingo ya Adungu

Shemeji yangu, bwana wa dada yangu, alikuwa anatoboa mbao kwa moto. Karakana yake iko Koboko, chumba moja na kibaraza, na kazi yenye imemjulisha kwa watu ni adungu, ile kinubi yenye kwaya za huku kwetu haziimbi bila yake. Adungu iko na sanduku chini, imefunikwa na ngozi, halafu shingo inatoka pale inapinda kwenda juu kama mkia ya ng'ombe akikimbia. Kwa hiyo shingo unapanga tundu mstari moja. Kila tundu na kigingi yake, kila kigingi na uzi yake. Ukitaka sauti ipande unazungusha kigingi. Kama tundu imekosewa, wimbo yote imekosewa.

Yeye ni Mwislamu, mtoto wa Wanubi wa pale mjini, na msikitini hakuna adungu. Lakini Jumapili asubuhi ukipita naye njiani, wanakwaya wanamsalimia kama vile yeye ndiye katekista. Wanamwambia, "Fundi, leo unakuja kuimba?" Anawajibu, "Mimi nimeimba wiki nzima. Nyinyi mnarudia tu."

Kutoboa kwake ilikuwa hivi. Anaweka nondo kwa makaa mpaka inakuwa nyekundu, anaisukuma ndani ya mbao, moshi inatoka, nondo inapoa, anairudisha kwa makaa, anaanza tena. Muda yote uso yake iko juu ya ile moshi, kwa sababu lazima aone kama tundu inaenda sawa. Miaka na miaka. Halafu kikohozi ikaja, ikakaa, ikakataa kuondoka. Hospitalini daktari alimwambia wazi kwamba kifua yake na moshi haziwezi kukaa nyumba moja tena.

Alirudi akakaa kwa kibaraza, akavua viatu, akasema anaacha kazi. Ndugu yake iko na shamba kule Kuluba. Ataenda kulima mihogo.

Mimi nilifoka. Mimi siko fundi wa shule. Nilijifunza kwa kufungua vitu ya watu na kuangalia video kwa simu, na huyu mutu ndiye alinipa kona ya meza yake wakati mafundi wengine walikuwa wananifukuza juu ya mdomo yangu. Mutu akimgusa huyu, amenigusa mimi. Hata kama mwenye anamgusa ni yeye mwenyewe.

"Daktari alisema acha moshi," nikamwambia. "Hakusema acha mbao."

"Bila moto nitatoboa na nini? Na meno?"

"Na mashine. Drili ya meza, ile ya kusimama."

"Shemeji, tundu ya mashine inateleza. Kigingi haishiki. Kwaya itaanza wimbo moja, adungu itamaliza ingine."

"Nani alikuambia?"

"Kuna mwenzangu alijaribu na drili ya mkono."

"Drili ya mkono inatetemeka kama mlevi. Usiweke dhambi ya moja kwa ingine."

Dada yangu alikuwa ndani anachambua mboga. Akasema bila kutoka, "Mpeleke kwa maduka ya Arua aone na macho yake. Kama ni mbaya atalima, kama ni nzuri atabaki, na mimi nitapata kusikia redio yangu."

Basi tukaenda Arua. Shemeji alibeba shingo ya adungu ya besi, ile kubwa kabisa, tumeifunga na gunia. Alisema mashine yenye haiwezi kubeba hii shingo hana haja ya kuijua. Pale mjini, mwanaboda moja alisimamisha pikipiki yake akauliza, "Wazee, hiyo mguu ya kitanda mnapeleka wapi?" Shemeji akamjibu, "Inatafuta kitanda yake. Umeiona?"

Duka ya kwanza iko na kijana amevaa vizuri, na mashine yake ilikuwa nyekundu, inang'aa, na taa ndogo yenye inakuonyesha mahali biti, ile chuma ya kutoboa, itashuka. Sitadanganya, moyo yangu ilienda. Nilikuwa nimeiona ile aina kwa video. Yule kijana akaiwasha, ikalia vizuri, akaanza kutuhesabia nguvu ya mota. Shemeji hakuuliza mota. Alifungua gunia, akaweka shingo kwa meza ya mashine.

Haikukaa. Mbao yenye imepinda hailali kama ubao. Ukiinua upande moja, ule mwingine inagonga nguzo ya mashine. Tukashusha meza ya mashine mpaka mwisho, mkia ya shingo ikagonga kaunta. Tukaizungusha, ikagonga tena. Shemeji akashika biti na vidole, akaisukuma kushoto na kulia, nikaona inacheza kidogo. Kidogo tu, lakini kwa tundu zenye zinafuatana mstari moja, kidogo ya juu ni kubwa ya chini.

"Mbao yenu ndio mbaya," yule kijana akasema. "Leteni yenye imenyooka."

"Wewe leta shingo yako tuipime," nikamwambia. "Yako imenyooka."

Shemeji akanishika shati. "Tulikuja kununua drili," akasema polepole. "Kesi hatukupanga."

Tukatoka. Njiani alikuwa anakohoa na kucheka pamoja, kitu yenye si rahisi.

Duka ya pili ni ya mama moja mnene, mtulivu, amekaa kwa stuli kati ya misumari na kamba. Drili yake ya meza ilikuwa kwa ukingo ya kaunta, ya kijani, rangi imechubuka kwa safari, haina taa. Nikamwambia hii imechakaa. Akasema, "Imechubuka. Kuchakaa ni kitu ingine, mwanangu. Pimeni. Kupima sikatazi mutu."

Nilizunguka nyuma ya mashine, nikaona nguzo yake ni ya duara, laini, na kichwa ya mashine imeshikwa pale na bolti. Hapo akili yangu ikafunguka. Nikalegeza ile bolti, nikasukuma kichwa pembeni, ikazunguka, mpaka mdomo ya drili ikawa nje kabisa ya meza, inaangalia sakafu. Sasa shingo inaweza kuning'inia chini vile inataka, hakuna kitu ya kuigonga, na chini unaweka kreti ya kuishikilia.

Mashine ikaanza kuinama mbele. Mama akainuka, akaweka mkono yake nzito kwa kitako ya mashine. "Mkifanya hivyo, mfunge na bolti nne kwa mbao nene. Bila hivyo itawaangukia kwa vidole."

Shemeji akashika biti, akasukuma. Haikucheza. Akafungua kifuniko ya juu, akaona mkanda na magurudumu yake, ndogo na kubwa, kama ngazi.

"Mama, mimi nataka polepole," akasema. "Hii inaenda polepole namna gani?"

"Watu wote wananiuliza mbio," mama akasema, na akamwonyesha vile unahamisha mkanda.

Tukaweka shingo nje ya meza, nikaishika kwa mikono mbili na kwa goti. Shemeji akavuta mkono ya mashine. Biti ikashuka, vumbi nyeupe ikamwagika kwa viatu yangu, na tundu ikatokea upande ule mwingine, safi. Yeye alikuwa amerudisha uso nyuma na kufunga macho nusu, vile anafanya siku zote, anangojea moshi. Moshi haikuja. Akafungua macho, akainama akanusa tundu. Ilikuwa inanuka mbao tu.

Halafu akatoa kigingi mfukoni, akaiweka ndani, akaizungusha. Ikazunguka bila kushika, kama kidole kwa pete kubwa.

"Umeona," akaniambia. Hakuwa na hasira. Akachukua gunia akaanza kufunga shingo, na mimi nikaona mihogo ya Kuluba mbele yangu.

Nilipiga kaunta na kiganja. Nilisema maneno kuhusu ile mashine na wenye waliitengeneza, na mama akanitazama tu mpaka nikachoka.

"Kijana, mashine haijakukosea. Uliiambia toboa, imetoboa."

Nikamnyang'anya shemeji kigingi. Nikaiweka tena kwa tundu, nikaangalia kwa karibu. Kigingi yake imechongwa kama karoti, nene huku, nyembamba kule. Nondo yake pia aliisugua hivyo, ndio maana tundu ya moto inakuwa kama karoti na inabana kigingi mwili mzima. Tundu ya drili ni sawa juu na chini. Kigingi inagusa mdomo tu, ndani ni hewa.

"Shemeji," nikasema, "kazi ya mashine ni kutoa mbao. Tundu itoke ndogo, halafu sisi wenyewe tutaikwangua iwe karoti. Na chuma baridi. Bila moto."

"Hiyo chuma iko wapi?"

"Sijaitengeneza bado."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, tunaenda wote wawili Kuluba. Utalima mstari yako, mimi yangu."

  Shemeji akamgeukia mwenye duka. "Mama, huyu hajui hata upande ya jembe ya kushika. Nifungie hii mashine."

Pale Koboko tuliifunga kwa ubao ya mvule, bolti nne, kama mama alisema. Ile chuma niliitengeneza na tupa ya zamani yenye meno imekwisha. Niliichonga kwa jiwe la kunoa mpaka ikawa nyembamba mbele, nene nyuma, na ukali pembeni, nikaiweka mpini ya kuzungusha kwa mkono. Ya kwanza ilivunjika, nikatukana. Ya pili ilikwangua upande moja, nikatukana zaidi, na dada yangu akafungua redio kwa sauti. Ya tatu ilikata mbao ikatoka nyembamba kama ganda la kitunguu, pole pole, pande zote sawa.

Shemeji alitoboa shingo ya besi yote kwa mashine na biti ndogo, ile tundu ya Arua akaichongea kigingi nene, mimi nikakwangua, yeye akajaribu kigingi moja moja. Jioni akaingiza shingo kwa sanduku yake, akafunga nyuzi, akazikaza, akapiga kila moja na kusikiliza. Akasema tutaona kesho. Usiku ya Koboko iko na baridi na ngozi inajua kuvuta. Kigingi mbaya inalegea usiku.

Asubuhi nilimkuta amekaa, adungu imeegemea goti yake. Alipiga uzi ya kwanza, akangoja. Ya pili. Akaenda mpaka mwisho. Moja ilikuwa imeshuka. Nilifungua mdomo, akainua kidole.

"Kelele ya nini? Hata kwa moto, moja inashuka. Hii ikwangue tena kidogo tu."

Niliikwangua. Wakati nafanya hivyo akachukua simu akampigia ndugu yake wa Kuluba. Alimwambia ile sehemu yenye alikuwa amemwekea ya mihogo, apande mwenyewe, asimngojee. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia ndugu yake anauliza, "Kwani kifua imepona?"

"Bado," shemeji akasema. "Lakini kazi yangu sasa haina moshi."

"Afadhali. Mke wangu alikuwa anauliza nani atakufundisha kupalilia."

Shemeji akacheka, akakohoa, akakata simu. Akaniambia nilete shingo ingine.