Mvua Niliyoiandika

Nilisikia kicheko kabla sijauona ukumbi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka Tukuyu yote, nami nilikuwa nikipanda ngazi za saruji nikizitafuta kwa miguu, kompyuta nimeikumbatia kifuani isilowe. Kicheko kilinijia kutoka juu, kicheko cha watu wengi walioshiba, kikafifia, kikalipuka tena. Nilijua kwamba nimechelewa. Sikujua bado wanamcheka nani.

Ulikuwa mkutano wa wasimamizi wa miradi ya ujenzi, siku tatu za mada kuhusu kupanga ratiba na kudhibiti gharama, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kuandika kumbukumbu. Wenzangu wa kundi letu la uandishi kule Mbeya, ambao tunasomeana hadithi kila Jumamosi, walinitania kwamba nimekwenda kuuza kalamu. Niliwajibu kwamba kalamu nayo hula. Siku ya kwanza nilijaza kurasa kumi na mbili, zote zikihusu mistari. Kila mtoa mada alikuja na yake: ya buluu ni kazi zilizopangwa, ya kijani ni zilizokwisha, na myekundu ni aibu. Hakuna aliyetaja matope, wala mtu aliyeteleza kwenye jukwaa la mbao, wala mpishi wa saiti anayepuliza kuni mbichi. Nilianza kuwachukia taratibu, jinsi jino linavyoanza kuuma.

Siku ile ya pili, nilipousukuma mlango, nikaona walichokuwa wanakicheka. Mbele ya ukumbi paliangazwa picha kubwa ya jengo la matofali lililofika usawa wa madirisha, limefunikwa majani makavu ya migomba. Kando yake amesimama mwanamke, ametupa mgongo, kitambaa cha kijani kichwani, buti za mpira miguuni. Juu ya picha yameandikwa maneno mawili kwa herufi kubwa: MVUA ISIYONYESHA.

Nililijua jengo lile. Ni zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kinyala, na mwaka uliotangulia nilifanya kazi pale miezi minane nikiwa karani wa saiti. Niliujua na mgongo ule. Ulikuwa wa msimamizi wetu, naye alikuwa ameketi safu ya nne, kitambaa ni kilekile, mikono juu ya faili, akitazama mgongo wake mwenyewe ukichekwa na watu mia.

Mama yule alianza kazi hii kwa kubeba mawe kichwani. Akajifunza kupima kona kwa kamba, akajifunza kusoma ramani ya jengo, akaenda kusomea cheti akiwa na wajukuu, na mafundi waliokuwa wakimtuma maji wakaishia kumwita bosi. Sasa alikuwa anangoja jambo moja. Mchana wa siku ile, mwenyekiti wa mkutano angesoma majina ya wasimamizi wa zahanati nne za awamu ya pili, na mojawapo ingejengwa Kisiba, alikozaliwa. Jana yake, tukitoka ukumbini, alikuwa ameniambia, "Nikiipata ile ya Kisiba nitajenga nikilala nyumbani kwa mama yangu. Sijawahi kujenga kitu ambacho mama yangu anaweza kukifikia kwa miguu."

Mtoa mada alikuwa mtaalamu wa ratiba kutoka Dar es Salaam, mtu wa umri wa kati, ameizungushia shingo skafu mpya ya sufu, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia kwa nyuma. Hakumtaja mama yule. Hakuwa na haja.

"Daftari la saiti linasema mvua," alisema. "Siku kumi na moja. Mvua, mvua, mvua. Mashine ya zege imekodiwa, imelala, inalipiwa. Mimi nikasema sawa, Tukuyu ni Tukuyu. Lakini jirani pale kuna shamba la chai, na shamba la chai lina kipima mvua, na kila asubuhi kuna mtu anakisoma. Nikaenda kuomba karatasi zake. Siku zile kumi na moja, ndugu zangu, kipima mvua kilikuwa kikavu kama koo langu hapa."

"Sasa wenzetu waliloa na nini?" akauliza mtu wa nyuma.

"Kimpumu!" akajibu mwingine, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kwa kutajiwa pombe ile ya kienyeji.

Niliketi kwenye meza yangu ya pembeni, nikafungua kompyuta, na vidole vikakataa kuandika. Mvua ile niliinyesha mimi.

Ilikuwa hivi. Fomu ya daftari la saiti ilikuwa na sehemu ya sababu za kusimama kwa kazi, na sababu zenyewe zilikuwa nne tu: mvua, vifaa, mitambo, ajali. Lakini kazi yetu haikusimamishwa na hizo. Ilisimamishwa na misiba. Mafundi na vibarua wote walikuwa watu wa kijijini, na saiti ilikuwa katikati ya migomba ya watu. Huku kwetu, mtu akifa, jembe haligusi ardhi na nyundo haigongi mpaka waliokuja kulia watawanyike. Anayechimba msingi maiti ya jirani yake ikiwa imelazwa ndani, kesho yake ataulizwa: wewe mbona hukushtuka, ulijua tangu lini? Hilo si swali la kujibiwa kwa ratiba. Basi kilio kilipopanda bondeni, mafundi walisafisha miko yao ya kujengea bila kuambiwa, wakateremka. Msimamizi aliteremka nao. Nami nilibaki na fomu, nikitafuta mahali pa kuweka maiti, sikupaona.

Nikaandika mvua. Nani Rungwe angeuliza kuhusu mvua? Ni kama kuuliza kwa nini jua limechomoza. Nilisahau kwamba hapa ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo mtu analipwa mshahara kuipima.

Kila Ijumaa nilimpelekea mama daftari asaini. Aliliweka juu ya rundo la matofali, akapindua kurasa huku akigombana na dereva wa mchanga, akasaini, akanirudishia. Mara zote niliamini kwamba hasomi.

Kipindi cha maswali kilipofika, mama alisimama. Alizungumza Kiswahili chake kizito, chenye mdundo wa Kinyakyusa, polepole.

"Mwenyekiti, siku zile palikuwa na misiba. Mitatu. Mmoja alikuwa fundi wetu mwenyewe. Hatukufanya kazi."

"Pole sana, mama," akasema mtaalamu. "Sasa kwa nini daftari linasema mvua?"

Mama aligeuza shingo. Alinitazama mara moja tu, kwa muda unaotosha kupepesa jicho, na kama angeninyooshea kidole mambo yangekwisha. Badala yake alisema, "Sahihi ni yangu."

Na mimi, aliyekuwa akiwasomea wenzake kila Jumamosi kurasa kuhusu ujasiri, niliandika: *Msimamizi alikiri sahihi ni yake.*

Mwenyekiti alikuwa injinia mstaafu, mzee wa hukuhuku. Aliguna. "Hata mimi ningesimama," alisema. "Hata wewe, mtaalamu, ungekuwa unaishi pale ungesimama. Twende tukanywe chai."

Chai ilikuwa ya maziwa, na viazi vya kuchemsha, na washiriki waliizunguka meza wakiendelea kutaniana kuhusu kimpumu. Nilimkuta mama peke yake karibu na dirisha, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa chai yako."

"Ile mvua niliiandika mimi. Tukirudi ndani nitasimama niseme."

"Useme nini? Nani hajui kwamba karani ndiye anayeandika?" Alipuliza chai. "Gwe, wewe, kaa na kompyuta yako. Mzee amenielewa. Amenipita hapa sasa hivi, ameniambia nisiondoke kabla ya majina. Unanisikia?"

"Lakini wanakucheka."

"Wacha wacheke. Meno ni yao."

Ilipasa niishie hapo. Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko ukurasa wowote nilioandika. Aliniambia kwa Kiswahili kisichohitaji tafsiri ninyamaze, na nikamwitikia kwa kichwa.

Tuliporudi, mwenyekiti alipendekeza iandikwe kwamba fomu ina upungufu, iongezwe sehemu ya misiba, basi. Watu kadhaa walipiga makofi. Mtaalamu akainuka bila kuitwa.

"Mwenyekiti, fomu haikumshika mtu mkono. Leo tumesamehe mvua, kesho tutasamehe mifuko ya saruji. Gharama zinadhibitiwa na nini kama si karatasi?" Akamgeukia mama, akiwa na ile heshima inayotolewa kama sadaka. "Mama yangu, nakuuliza kwa upendo. Huwa unasoma unachosaini? Au wanakusomea?"

Walicheka tena, safari hii kwa pua, chinichini, watu wenye vyeti ukutani. Damu ilinipanda. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mwandishi wa kumbukumbu hana sauti ukumbini," akasema mwenyekiti.

"Mvua niliiandika mimi," nikasema. "Nilikuwa karani wake. Sikumwambia. Yeye alisaini tu, hakusoma. Msimhukumu kwa kosa langu."

Nilidhani nimeinua jiwe kifuani mwake. Nilisimama pale, na sitaficha, kulikuwa na utamu ndani ya kusimama kule. Kisha nikamwona mtaalamu akitabasamu, akirekebisha skafu yake kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza.

"Nakushukuru, mwandishi. Mwenyekiti, mimi nilidhani tuna tatizo la uongo. Kumbe sivyo. Tuna msimamizi anayesaini asichokisoma. Mwongo angalau anajua kilichomo kwenye daftari lake. Huyu tutampa zahanati nzima, na asome nani?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mzee aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Wale waliopiga makofi walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Msiba ningeweza kuutetea," alisema hatimaye, akimwambia mama peke yake, kama vile sisi wengine tumetoka. "Hili, binti yangu, nitalitetea vipi?" Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja. Ulisikika ukikwaruza. "Kisiba tutamtafuta mwingine."

Mama alisimama. Alilikunja kwanza shuka alilojitanda kwa baridi, akaliweka faili kwapani.

"Nilisoma," alisema.

"Mama, basi, tumeshapita..." akaanza mtaalamu.

"Sijamaliza. Nilisoma, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ijumaa ya kwanza huyu mtoto alipoandika mvua, niliiona. Nilitaka kumwita. Nikasema, karatasi yao haina mahali pa wafu wetu, basi wacha iwe mvua. Uongo ule ni wangu, niliukubali macho yangu yakiwa wazi, na mkinikata kwa huo mnikate. Lakini nimesoma shule ya usiku miaka minne nikiwa na mtoto mgongoni. Asisimame mtu hapa akasema sisomi."

Projekta iliendelea kupumua. Mgongo wake bado ulikuwa ukutani, mkubwa, na yeye mbele yake, mdogo, akitutazama usoni. Mzee alishika kalamu juu ya lile jina, akaisogeza, akaiweka chini. Sasa alikuwa na maneno mawili ya kumkata nayo, na yote mawili yametoka vinywani mwetu, moja langu, kwamba hasomi, na moja la mama mwenyewe, kwamba aliukubali uongo.

Nilijaribu kusema samahani. Nilianza na neno mama na sikufika mbali.

"Nilikwambia unywe chai yako," alisema. Hakupandisha sauti. "Ulitaka kuniokoa, au ulitaka kutua mzigo? Umeutua. Umeutua juu ya kichwa changu."

"Mama..."

"Kaa uandike. Andika nilivyosema, neno kwa neno. Na usinisaidie tena."

Nikaokota kiti changu, nikaketi, nikaandika. Vidole havikukataa safari hii. Alipita katikati ya safu za viti, na watu wakavuta magoti yao kumpisha, mmoja mmoja, bila kumtazama. Mtu aliyekuwa karibu na mlango aliinuka ili amfungulie. Mama alimwashiria kwa kiganja akae. Akaufungua mwenyewe, ukungu ukaingia pamoja na baridi yake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, polepole, hadi kitasa kikalia.