Rangi Iliyokataa Kufika Kwapani

Mwaka ule mbaazi zilikosa wanunuzi, tukazila wenyewe, asubuhi mbaazi, jioni mbaazi, mpaka mbwa wakazisusa. Ndio mwaka rafiki yangu, mkulima wa vitunguu kule Mang'ola, alipougua titi. Juzi nimeletewa habari hapa Karatu kwamba amefariki, bibi kizee, amelala tu hakuamka. Tangu hapo naota maji. Naiona mifereji ya bondeni, maji yanatembea kama mtu asiye na haraka ya kufika, naye amesimama ndani, sketi kaikunja magotini, ananicheka.

Acheni niwaeleze kilichompata, maana wengi wenu mna matiti na mnaogopa kuyataja. Uvimbe ulikuwa kama punje ya mahindi. Nilimsindikiza hospitali kubwa. Daktari, binti wa sauti ya upole, akasema kabla ya kukata atamchoma sindano ya rangi ya buluu kwenye titi. Rangi itafuata njia yake mpaka tezi ya kwanza ya kwapani, ile iliyo kama mlinzi mlangoni. Ataitoa hiyo aipime. Ikiwa safi, nyingine zinabaki. Rafiki yangu akakubali hiyo tu.

"Msije mkanikomba kwapa nikiwa usingizini," alisema. "Mkono huu ndio unaonilisha."

Alipozinduka, uvimbe umetolewa, ila rangi haikufika. Kwapani hamna hata doa. Kesho yake akatoka msalani anapiga kelele: "Shoga, nimekojoa kijani! Kijani cha majani ya vitunguu!" Tulicheka mpaka mshono ukamuuma. Daktari akasema rangi hutoka na mkojo, si ajabu. Na kutofika kwake kuna sababu: umri, unene, kovu la zamani, au ugonjwa umeshaijaza tezi, njia imeziba, rangi imepita kando. Mara nyingine hata wao hawajui.

"Kwa hiyo, bibi, siwezi kukuambia kwapa ni safi. Inabidi urudi tuzitoe tezi. Mkono unaweza kuvimba, sikufichi."

Tulirudi Mang'ola, maneno yakawa yametutangulia. Eti rangi imemkataa, ana jambo moyoni. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Maji yakikwama mferejini tunachukua jembe tukatafute tope. Yakikwama kwenye mwili wa mwanamke, tunamtafutia kosa. Wangapi wamebaki nyumbani kwa aibu, ugonjwa unawala, na sisi tunaimba pembeni? Mgonjwa anataka nauli ya basi na mtu wa kumshika mkono. Hukumu aachiwe mwenyewe aliye juu.

Yeye alirudi hospitali, tezi zikatolewa, mkono ukavimba, akalima nao miaka. Lakini ninayoiota ni asubuhi ile ya kuondoka kwenda kutolewa tezi, ukungu umeshika shamba, akina mama wa jumuiya ya kanisa wamejaa sebuleni kwake, wanaimba chinichini kama watu walio mbali. Kiongozi wao akamshika bega.

"Dada, tubu kwanza. Ukienda na dhambi, hutoki hai chini ya kisu."

Alikuwa anakunja kanga yake, hakuinua macho.

"Ugonjwa si dhambi, sitautubu."

"Neno moja tu, dada. La kuturidhisha sisi tunaokupenda."

Akafunga mkoba, akautia begani, upande wa mkono mzima. Nje basi lilishapiga honi.

"Chai ipo jikoni, kunyweni. Ugonjwa si dhambi, sitautubu."