Karai Lililorudi Tupu

Kwenye bichi yetu, upande wa Homa Bay, mwanamke hakununua samaki kwa boti yoyote tu. Jioni uliweka karai lako ndani ya boti, likaenda ziwani na wanaume, na asubuhi samaki wa karai hilo ni wako uwapeleke sokoni Suna. Boti ikikataa karai lako, umekataliwa wewe. Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakagoma, nikamwachia mke wa mtoto wangu. Alikuwa ameshakuwa mjane, na watoto wawili.

Ilikuwa miezi ya samaki haba. Siku moja wenzake walirudi na visamaki vya kukaanga, yeye akarudi na mbuta, mkia unaning'inia nje ya karai.

"Huyu umepewa kwa nini?" nikamwuliza.

Akainama kwenye moto. "Mwenye boti anataka nimpelekee chakula kambini, Mama. Kesho jioni."

"Na usipopeleka?"

"Karai halitaingia tena."

Miaka hiyo ya Ukimwi tulizika watu kila wiki. Mtoto wangu mwenyewe tulikuwa tumemzika. Sikuhitaji kuelezwa ni chakula gani.

Karai lililala ziwani kama kawaida, na asubuhi nilishika fimbo nikamfuata mke wa mtoto wangu bichi. Boti ilipofika, wanawake walikuwa wamesimama majini mpaka mapajani. Nikaingia nikawapita. Mwenye boti akacheka.

"Dani," akaniita, yaani bibi, "leo magoti yamepona?"

"Yamepona. Nipe karai."

"Na samaki?"

"Samaki kaa nao."

Wanawake wakageuka kututazama. Karai likitolewa tupu mbele ya watu, hakuna boti nyingine ya hapo ambayo ingelichukua. Yule mwanamume akalishika ukingo.

"Si lako hili. Mwenyewe aseme."

Hapo niliogopa. Nilimsikia mke wa mtoto wangu nyuma yangu, maji yakisogea, na nyumbani sikuwa nimemwuliza anataka nini. Niliamua tu. Watoto walikula kwa karai hilo, na angeweza kuniambia nitoke majini.

Alinipita bila kunitazama. Akalichukua kwa mikono miwili, akamwaga samaki wote miguuni pa mwenye boti.

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama, siku nyingine uniulize kwanza."

Nikamwambia sawa.

Wiki hiyo tulikula mboga. Iliyofuata akabeba karai kwenda kutafuta boti Kendu Bay, nami nikabaki na watoto.